Mabanzi na mbao za kubomoa: kuni rahisi, ila si zote za kuingia jikoni

Kuanzia Mafinga hadi Makambako, kila penye mashine ya kupasulia mbao pana rundo la mabanzi, vile vipande vya pembeni vya gogo, linalosubiri mnunuzi. Shamba la Sao Hill na mashamba ya watu binafsi ya Mufindi na Njombe yanatoa paini nyingi, na gogo la duara halitoi mbao za mraba bila kuacha mabaki. Juu yake weka kenchi za paa na papi zinazoshika bati za nyumba zinazobomolewa, na mbao zilizotumika kumwagia zege. Baridi ya Juni na Julai ikibana, vyote hivyo watu huviona kuni.

Wanaozitetea wana hoja nzito. Mti umeshakatwa, na banzi lisipochomwa jikoni litaozea pale pale au litachomewa uwanjani bila faida. Tena kuni huwaka vizuri unyevu ukishuka chini ya asilimia 20, na kenchi iliyokaa miaka chini ya bati imekauka kuliko mlingoti (mkaratusi) uliokatwa mwezi jana. Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Ni sawa, lakini chakula cha leo kinapikwa leo.

Wanaozipinga wanataja misumari, na wana haki. Mnyororo wa chenso, yaani msumeno wa injini, ukikutana na msumari, meno yanakufa papo hapo, na vipande vya chuma vinaweza kuruka machoni. Hatari kubwa zaidi ni mbao fupi iliyolegea: ncha ya msumeno ikiigusa, mashine nzima humrukia aliyeishika, kuelekea usoni. Hata hivyo, hilo ni suala la namna ya kukata. Mabanzi mapya hayana misumari. Yapange kati ya vigingi vinne vilivyochimbiwa, yafunge kwa mnyororo yasicheze, kisha kata rundo zima kwa mkupuo, vipande vya sentimita 30 hivi kwa jiko banifu. Chenso inafaa hapo, kwa mwenye miwani, buti na kinga maalumu ya chenso mapajani.

Mbao za kubomoa ningezikata kwa msumeno wa mkono tu. Kung'oa kila msumari ni kupoteza siku. Misumari ya kenchi hukaa kwenye maungio na ya papi hufuata mistari ya bati, kwa hiyo pitisha msumeno katikati ya misumari, kata, kisha iokote kwenye majivu kwa sumaku kabla mtoto hajaikanyaga. Mbao za zege zipigwe nyundo kwanza saruji idondoke, la sivyo msumeno unakuwa butu kabla ya kazi kuisha.

Mahali ambapo siafikiani kabisa na watetezi ni mbao zilizotiwa dawa. Mafinga na Njombe kuna viwanda vya kutibu nguzo, na mafundi wengi wa paa siku hizi wanatumia mbao za dawa. Dawa iliyozoeleka ina shaba, kromiamu na arseniki. Moto hauimalizi arseniki: sehemu yake hupanda na moshi, na kubwa zaidi hubaki kwenye majivu. Majivu hayo hayo huku kwetu tunayamwaga kwenye bustani ya mboga na kuyachanganya na maharage ya akiba yasibunguliwe. Rangi ya kijani ya mbao hizo nayo hufifia. Mbao ya zamani inageuka ya kijivu kama nyingine yoyote, na macho hayatoshi kuitambua. Vipande vya nguzo vyeusi vinavyonuka lami ni rahisi kuvijua, navyo pia visiingie jikoni. Mbao zenye rangi ya zamani zifuate huko huko, maana rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchambua rundo, kabla ya kushika msumeno. Fundi anayebomoa paa aulizwe mbao zilikuwa za dawa au la. Akisita, zitumie kujengea uzio. Wenye mashine nao wasimwage vipande vya dawa kwenye rundo moja na mabanzi. Mama anayenunua mzigo wa kuni jioni hawezi kuvitofautisha, na wao wanaweza.