Abunuwasi si mtu wa kweli? Haya basi

Jumapili jioni mpwa wangu alinijia na daftari lake la insha, amelikumbatia kifuani kama anayeficha doa la chai. Nikalifungua. Kichwa: "Mtu Ninayetaka Kuwa Kama Yeye." Kurasa mbili nzima juu ya Abunuwasi, yule mjanja wa hadithi, mwandiko wa kujikaza, na chini yake kalamu nyekundu: "Huyu si mtu wa kweli. Andika upya."

Akaandika upya. Mara hii kamsifu mheshimiwa fulani ambaye amemwona mara moja tu tangu azaliwe, matangani, akiwasili na magari matatu watu washamaliza kuzika. Mchapakazi. Mnyenyekevu. Mtetezi wa wanyonge. Kapata 18 kwa 20. Yaani mtoto kabuni tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na hiyo ndiyo iliyokubaliwa kuwa ya kweli!

Wallahi nilitamani kwenda shuleni usiku ule ule.

Sisi tuliokulia Majengo tulimjua Abunuwasi kabla ya kujua jina la rais. Stima ikikatika, nyanya anatandika mkeka uani. "Paukwa!" "Pakawa!" Na Abunuwasi wa nyanya alikuwa mtu wa hapa hapa. Alikula mbaazi kwa mahamri, alivuka Likoni, na jumba la Sultani, kwa jinsi nyanya alivyolieleza, lilikuwa Ngomeni palepale.

Ile ya maskini na harufu ya mchuzi wengi mnaijua: tajiri alimdai maskini malipo ya kunusa mchuzi wake, Abunuwasi akamlipa kwa mlio wa sarafu. Mimi iliniokoa.

Nilipoanza kujitegemea nilipanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, zile ambazo kuta za ndani hazifiki juu. Taa ya ukumbini ilinimulikia vizuri tu, wala sikuona haja ya kununua globu yangu. Mwenye nyumba, mzee aliyehesabu kila kitu mpaka ndoo za maji, akaligundua hilo. Asubuhi moja kasimama mlangoni: mwangaza wake unaingia kwangu bure, kwa hivyo kila mwezi nimlipe shilingi 200.

Inafaa mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa mwoga. Mbele ya mtu mzima mwenye mamlaka maneno yalinikauka kooni. Karani akinikemea, mimi ndiye niombaye radhi. Njia nilizozijua zilikuwa mbili: kulipa, au kununa halafu kulipa. Lakini asubuhi ile mkono wenyewe uliingia mfukoni, ukatoka na sarafu za nauli ya matatu, nikazitikisa karibu na sikio lake.

"Umesikia, mzee? Basi nishalipa."

Akanitazama. Magoti yakanicheza. Kisha ndevu zake zikaanza kutikisika. "Yaani mimi ndiye tajiri wa Abunuwasi?" Akacheka hadi akashika ukuta. Hadithi aliijua, na anayeijua hawezi kujifanya hakuelewa. Mwezi uliofuata aliongeza kodi, kwa shilingi 200 zile zile. Lakini tangu siku hiyo sijamuomba mtu radhi kwa kunikemea.

Sasa niambieni, ni tajiri gani wa kweli, ni mheshimiwa gani, angenipa kitu cha kutoa mfukoni asubuhi ile? Hao tunaoambiwa tuwaige wana neno moja: bidii. Bidii! Mahamali wa Marikiti wanaamka saa kumi alfajiri, bidii wameibeba mgongoni. Anayekuhubiria bidii hakwambii kile kiwanja alikipataje. Kwangu mimi, mtu wa kuigwa ni yule ambaye ukibanwa unajua angefanya nini. Na Abunuwasi najua angefanya nini: angeichukua hoja ya mwenye nguvu kama ilivyo, aikubali, aifuate hadi mwisho wake, mpaka mwenyewe aikimbie. Kama alivyomwambia jirani aliyemwazima sufuria, akarudishiwa na kisufuria juu yake akapokea: Sufuria yako ilipozaa ulifurahi? Basi na leo imekufa, pole sana. Hana jeshi, hana mali, hana jamaa serikalini. Ana ulimi, na subira ya kumngoja Sultani amalize kusema.

Na kama ni ukweli unaotakiwa, mwalimu, keti tuongee. Abunuwasi wa kweli alikuwako. Jina lake Al-Hasan ibn Hani, mzaliwa wa Ahvaz huko Uajemi, mshairi wa Baghdad zama za Harun al-Rashid, yule aliyetawala mwaka 786 hadi 809. Fundi wa maneno hasa. Na kilichomvumisha zaidi ni mashairi ya kusifu mvinyo! Huyo ndiye wa kweli. Huyo ndiye ambaye nyanya angenichapa ningesema nataka kuwa kama yeye. Watu wakamchukua, nchi baada ya nchi hadi pwani yetu hii, wakamwosha pombe, wakamwachia ulimi, wakampa punda na jirani mchoyo. Karne kumi na mbili za watu kuketi jioni wakimrekebisha. Mheshimiwa wetu karekebishwa na nani?

Nakubali, shingo upande, kwamba Abunuwasi huyu wetu naye ni mwongo, na madeni halipi. Nakubali pia ningefurahi zaidi kama mtoto angemwandika mamake, anayekaanga viazi karai tangu alasiri hadi saa nne usiku. Fumo Liyongo, yule shujaa wa tenzi, je? Huyo nadhani angepita, maana husemwa kaburi lake liko Ozi. Inaelekea ukiwa na kaburi inatosha.

Basi nikamweleza mpwa wangu habari za yule wa Baghdad, ajue kwamba hakusema uongo. Macho yakamng'aa. Akachukua kalamu, tayari kumwandikia mwalimu.

"Mjomba, kwa hivyo kazi yake ilikuwa mashairi?"

"Ee. Mshairi mkubwa."

"Ya kusifu nini?"

Nikamwita dadangu atuletee chai.