Wadothraki Bila Kondoo

Kwenye kundi letu la wasomaji mtu alituma picha ya Registan, uwanja mkongwe wa mji wa Samarkand, Uzbekistan. Ni jioni, taa zimewashwa, madrasa tatu zimeuzunguka uwanja, vigae vya buluu vinameremeta. Wa kwanza kujibu akauliza, "Msimu wa ngapi huu?" akimaanisha Game of Thrones, ile tamthilia ya televisheni. Wa pili akasema ni Qarth, mji wa kubuni wa humo. Wa tatu, na huyu ndiye aliyenipandisha mori, akatuambia tusidanganyike, picha hiyo imetengenezwa na kompyuta, hakuna jengo la namna hiyo duniani.

Hakuna, eti. Madrasa ya Ulugh Beg ilikamilika mwaka 1420. Sher-Dor, ile yenye wanyama wa rangi ya dhahabu waliobeba jua lenye uso wa mtu, ni ya 1636. Tilya-Kori ni ya 1660. Ukiwa Tashkent unapanda treni ya mwendokasi asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana uko pale uwanjani unapiga picha zako mwenyewe.

Kutojua hakunikeri. Hakuna aliyezaliwa anaijua Samarkand. Kinachonikera ni kwamba watu hawa wamekaa na Asia ya Kati miaka yote hii, usiku hadi usiku, kupitia Vaes Dothrak, mji wa Wadothraki, wale wapanda farasi wa nyika kwenye hadithi hiyo, na ile bahari ya nyasi, na wanaamini ni hewa tupu. Ukiwaambia chanzo kipo, wanaruka upande wa pili: basi huko nako kutakuwa vilevile, nyika tupu, nywele ndefu, panga la kupinda, na harusi isiyonoga mpaka watu wafe.

George R. R. Martin mwenyewe, mwandishi wa riwaya zilizozaa tamthilia hiyo, hajaficha kitu. Alishasema Wadothraki ni mchanganyiko: Wamongolia, Wahun, Waalani, wenyeji wa nyika za Marekani kama Wasioux na Wacheyenne, na ubunifu wake juu. Sawa. Ni fantasia, ana ruhusa, hilo nampa hata kama silipendi. Ila mtu akichukua kwa watu, nasi tuna ruhusa ya kutazama amechukua nini na ameacha nini. Alichukua farasi. Akaacha kondoo.

Mnacheka. Ngojeni kwanza.

Kwenye riwaya, Wadothraki wanakula farasi, wanapanda farasi, wanaabudu farasi, na wanaowadharau kuliko wote ni Walhazareen, wachunga kondoo, wanaoitwa Wana-kondoo kwa kejeli. Kumbe huyo mchunga kondoo ndiye mtu wa nyika hasa! Mmongolia wa Chinggis Khan aliishi kwa mifugo mitano: farasi, kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia. Farasi alikuwa heshima, safari na vita. Kondoo ndiye aliyekuwa maisha. Nyama ya kila siku ni yake. Mafuta ni yake. Na lile hema la duara ambalo kila mtengeneza filamu akitaka kuonyesha nyika analisimamisha mlimani, kuta zake na paa lake ni sufu ya kondoo, iliyoloweshwa, ikaviringishwa, ikakandamizwa mpaka ikawa nzito kama zulia. Ondoa kondoo, huna hema. Huna hema, na Mongolia baridi inashuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi. Khalasar, yaani kundi, ya Drogo, khal (mkuu) wa Wadothraki, ina wapiganaji elfu arobaini, bila kuhesabu wake, watoto na watumwa. Wangelala wapi? Labda nitaambiwa Essos, bara lao, hakuna baridi kali. Inawezekana, lakini huyu ni mwandishi aliyetujazia kurasa maelfu akituonya kwamba baridi inakuja.

Halafu fanya hesabu ya kawaida ya mfugaji. Farasi jike hubeba mimba miezi kumi na moja, anazaa mtoto mmoja. Kondoo jike hubeba miezi mitano. Watu wanaokula farasi asubuhi na jioni, bila mnyama mwingine, wanakula miguu yao wenyewe. Mfugaji yeyote wa Simanjiro au Marsabit ukimsimulia kwamba kuna taifa zima linaishi kwa mnyama wa aina moja, atakuuliza ukame ukija wanafanyaje, na atangoja jibu. Nyikani kule adui mkubwa ni barafu inayofunika majani. Farasi ana kwato ngumu, anaikwangua, anafungua malisho. Kondoo wanamfuata nyuma wakila kilichofunuliwa. Wanyama hawa wanafanya kazi pamoja, na watu waliowafuga walikuwa na akili ya kupanga nani atangulie. Hiyo akili ndiyo sijaiona kwenye riwaya. Nimeona misuli.

Na ndiyo maana jambo hili si dogo kama linavyosikika. Mfugaji lazima apange: lini kuhama, nani ana haki ya bonde gani, sufu iliyobaki na ngozi zilizobaki zipelekwe wapi zikabadilishwe kwa nafaka, kitambaa na chuma. Ana jirani, ana deni, ana soko. Ukimnyang'anya kondoo umemnyang'anya na soko, na hapo hana tena cha kumpeleka mjini isipokuwa moto. Kwenye riwaya makhal wanafika mijini kupokea zawadi ili wasichome, au wanachoma. Basi, uhusiano wote umekwisha.

Sasa tazama vita ile kubwa yenyewe ilivyoanza. Mwaka 1218 msafara wa biashara uliotoka kwa Chinggis Khan uliingia Otrar, kando ya mto Syr Darya, leo ni Kazakhstan. Liwali wa Otrar akawatuhumu kuwa majasusi, wakauawa, mali ikachukuliwa. Khan akatuma wajumbe kwa Shah Muhammad wa Khwarazm kudai haki. Shah akaua mmoja na kuwadhalilisha wengine. Mwaka uliofuata jeshi likaja, Otrar ikazingirwa kwa miezi, na baada yake Bukhara na Samarkand zikaanguka 1220, Merv na Urgench 1221. Damu iliyomwagika siitetei, na sitawavumilia wanaoitetea. Lakini ilianza kwa bidhaa, kwa mjumbe aliyeuawa, kwa sheria ya wageni iliyovunjwa. Mambo ya watu wenye dola. Leo Otrar ni vilima vya udongo mahali ambapo zamani palikuwa na mifereji na masoko.

Vaes Dothrak nayo. Lango la farasi wawili wa shaba, barabara iliyopangwa miungu iliyoporwa, hakuna ukuta, hakuna ruhusa ya kumwaga damu. Napenda sana sura zile, nisiwe mnafiki. Lakini tunaambiwa Wadothraki hawajengi. Kila jengo limejengwa na watumwa, kila mmoja kwa mtindo wa kwao, na wenyewe wanapita tu katikati kama watalii wenye hasira. Linganisha na Karakorum, mji mkuu wa Wamongolia, aliouzungushia ukuta Ogedei, mwana wa Chinggis Khan, mwaka 1235. Mtawa Mfransisko, William wa Rubruck, alifika 1254 na akaandika alichokiona. Mtaa wa Waislamu wenye masoko. Mtaa wa Wachina, mafundi watupu. Mahekalu kumi na mawili ya mataifa mbalimbali, misikiti miwili, kanisa moja. Malango manne, na kila lango na biashara yake: mashariki nafaka, kusini ng'ombe na mikokoteni, kaskazini farasi, na magharibi, jamani, kondoo na mbuzi.

Mlangoni mwa kasri kulikuwa na mti wa fedha. Mti mzima, matawi, majani, matunda, vyote fedha. Chini simba wanne wa fedha wakitoa maziwa ya farasi. Mabomba yenye nyoka wa dhahabu yakimimina vinywaji vinne: divai, maziwa ya farasi yaliyochachushwa, kinywaji cha asali, na pombe ya mchele. Juu kabisa malaika ameshika tarumbeta. Kinywaji kikipungua, malaika anapuliza, watumishi wanakimbia kujaza. Aliyeutengeneza ni sonara wa Paris, Guillaume Boucher, aliyetekwa Hungary. Alipanga viriba vya upepo vimpulizie malaika wake, upepo ukawa hautoshi, ikabidi mtu afichwe chini ya mti, akiitwa anapuliza yeye. Sasa niambieni, nani kati ya waandishi wetu wa fantasia angethubutu? Mhariri angekata. Angesema yule mtu wa chini ya mti anaharibu hadhi ya eneo.

Najua mtaniambia: huyo Boucher naye si mateka? Ndiyo. Mateka, kama wengi wa mafundi wale. Hapo Martin hakukosea, na inaniuma kusema hivyo. Rubruck naye hakuvutiwa, alisema ukiacha kasri, Karakorum haifikii hata kijiji cha Saint-Denis. Haya. Lakini mwaka huohuo khan Mongke aliwaketisha Wakristo, Waislamu na Wabudha wajadiliane dini zao hadharani, na Rubruck akiwa mmoja wa wasemaji. Nitafutie khal anayeandaa mdahalo. Ukienda leo utakuta Erdene Zuu, monasteri ya mwaka 1586 iliyojengwa kwa mawe ya mji uliokufa.

Wajane wa dosh khaleen, lile baraza la wajane wa makhal huko Vaes Dothrak, wanawapendeza watu, wanasema ni ubunifu wa ajabu, wanawake wazee kuwaamulia makhal. Toregene, mjane wa Ogedei, alishika dola nzima kuanzia 1241 hadi 1246. Hakufungiwa kwenye nyumba ya wajane.

Deraya wanazozidharau Wadothraki, Wamongolia walizivaa. Tuendelee.

Kitu kingine kinachonichoma ni vitabu. Kabla ya moto, Merv ilikuwa na maktaba kumi za wakfu, na tunalijua hilo kutoka kwa Yaqut al-Hamawi, mtu aliyekamatwa utotoni huko Rumi, yaani nchi ya Bizanti, akauzwa Baghdad, akafundishwa kusoma, akaachwa huru, akawa mfanyabiashara wa vitabu. Anasema alikuwa na juzuu mia mbili za kuazima nyumbani kwake, na nyingi hazikuhitaji rehani. Mia mbili! Kuna maktaba hapa mjini kwetu ilinikatalia kitabu kimoja kwa sababu sikuwa na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Yaqut alitaka kuishi Merv mpaka afe. Wamongolia ndio waliomwondoa. Alikimbia, akaandika kamusi yake kubwa ya miji na nchi, na akakiri kwamba sehemu kubwa ya aliyoyakusanya aliyatoa kwenye maktaba zile.

Fungua kamusi hiyo. Kuna Mogadishu. Kuna Unguja, na anasema watu wake wamehamia Tumbatu, na watu wa Tumbatu ni Waislamu. Kuna Kisiwa cha Kijani, ndiyo Pemba, na miji yake miwili ambayo wanahistoria wanaisoma kuwa Mtambwe na Mkumbuu. Mtu aliyesoma Merv, Turkmenistan ya leo, alituandika sisi, miaka mia nane iliyopita, kwa majina, huku sisi tunaitazama picha ya huko na kusema kompyuta. Na hao ni wanaosikia khatibu akisema kila Ijumaa "amepokea Bukhari"! Imamu Bukhari alizaliwa Bukhara mwaka 810 na akafa karibu na Samarkand mwaka 870. Tirmidhi ni wa Termez, kando ya Amu Darya. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331, na miaka michache baadaye akawa Bukhara, akiikuta bado na magofu ya misikiti na masoko, zaidi ya miaka mia moja tangu moto.

Nimpe Martin kitu kingine kabla sijaonekana na kisirani. Kwenye kitabu cha historia ya dunia yake kilichotoka 2014 kuna Sarnor, ufalme wa minara nyikani ulioteketezwa na makhal, na kuna Bahari ya Fedha iliyokauka ikabaki maziwa matatu. Hapo alinifurahisha, maana huwezi kusoma hilo bila kuiona Aral, ambayo mwaka 1960 ilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani kabla mito yake haijageuziwa mashamba ya pamba ya Kisovieti. Meli za uvuvi zimekaa mchangani Moynaq, iliyokuwa bandari yake, na maji hayaonekani hata kwa mbali. Yeye aliwahi kuiona njia. Ila hiyo ni kurasa chache kwenye kitabu ambacho wengi wenu hamjakifungua, na nyasi na panga ni juzuu tano na misimu minane.

Misimu ambayo, kwa taarifa yenu, kamera yake haikufika huko hata mara moja. Lango la Vaes Dothrak msimu wa kwanza ni milima ya Mourne, Ireland Kaskazini. Msimu wa sita ni Almería, Hispania. Mkitaka kuhiji, muelekee huko.

Kitabu cha sita tunakingoja tangu 2011, na nitakinunua siku kitakapotoka, hata kwa mkopo, msijisumbue kunikumbusha makala hii. Daenerys, mjane wa Drogo, tulimwacha nyikani, khalasar ya Jhaqo, khal mwingine, imemkuta. Atapelekwa Vaes Dothrak, nadhani. Martin ana nafasi bado. Wakifika Soko la Magharibi, namwomba kitu kimoja tu, hata sentensi moja: mtu anayeuza kondoo, na khal anayebishana naye bei.