Bima ya Mjerumani na kamati zetu za michango

Juzi nimepokea barua ya bima na, ajabu, nimeisoma nikitabasamu. Barua za ofisi za Ujerumani huwa nazifungua nikiwa nimekaa. Hii ilisema mpango wetu wa matibabu umekubaliwa: tunapandikiza mimba tena (IVF, yai linarutubishwa maabara kisha linarudishwa tumboni), na wao wanalipa nusu. Chini kuna mstari niliourudia. Sheria ya hapa inatoa majaribio 3, ila lile lililoleta mimba ikaonekana kwenye ultrasaundi halikatwi kwenye hesabu, hata kama mtoto hakuzaliwa. Kwa hiyo ile mimba yetu iliyotoka, bima haituhesabii.

Nyumbani, ndugu walituhesabia, tena siku ileile.

Lakini kilichonikaa kichwani ni nani anayetoa hiyo nusu. Bima hii ni mchango. Fundi bomba wa Leipzig, mwalimu wa Kiel, yule bibi wa ghorofa ya chini anayenifokea nikikosea pipa la takataka, wote wanakatwa kila mwezi, na humo ndimo zimetoka sindano zilizolala kwenye friji yangu kando ya achari ya maembe. Hawajui wanamlipia nani. (Msidhani ni peponi. Lazima muwe na ndoa, mayai na mbegu viwe vyenu, mke awe amefika 25, mume hajafika 50. Na mke akitimiza 40, nusu hiyo kwaheri.)

Sasa sisi, mabingwa wa michango. Nimechangia sendoff za watu nisiowajua sura. Unaongezwa kwenye kikundi usiku, asubuhi mweka hazina ameshabandika orodha: "Dada wa Ujerumani, ahadi bado." Ukumbi, mapambo, MC, gari la maharusi, mamilioni yanapatikana. Miaka miwili mbele, maharusi walewale wanauza kiwanja kimyakimya waende kupandikiza Dar au Nairobi. Mimba ikitoka wanaambiwa Mungu atawapa nyingine. Kwa hela ipi?

Najua mtasema nimeshajiona Mzungu. Hebu ngojeni. Mimba ilipotoka, wenzangu wa kazini waliniwekea kadi na maua mezani, basi. Hakuna aliyebisha hodi. Mama mdogo yuko Moshi: alikaa nami kwenye simu mpaka bando likakata, akanunua jingine, akaendelea pale alipoishia. Angekuwa karibu ningekunywa mtori wake mpaka nikatae. Hilo bima yoyote ya hapa haina, na siku ile ningeibadilisha barua hii na bakuli moja.

Mwingine atasema uzazi ni siri ya ndani, hauchangishiwi. Siri gani, jamani? Mawifi wameuliza. Mchungaji ameuliza. Fundi aliyenishonea gauni la kitenge ameuliza huku futi ikiwa kiunoni kwangu. Kila Krismasi mnaniambia nisogeze kamera chini kidogo. Tumbo langu ni la ukoo mzima, linakuwa siri tu ikifika zamu ya kutoa hela.

"Si lazima kuzaa, waasili." Wanaoasili nawaheshimu sana. Lakini mbona hakuna anayesimama kwenye kikao cha kamati akasema si lazima ukumbi, waoane sebuleni? Na wa "ombeni tu" nao, nyie mkiumwa jino mnaenda wapi?

Binamu, kadi ya double nitalipa, usinitoe kwenye kikundi. Ila nimemwandikia mwenyekiti pembeni. Pesa zikibaki, ile sherehe ya kuvunja kamati, na mbuzi wake na kreti zake, tuiruke mwaka huu. Wapo wanandoa tuliowaozesha kwa kamati hiihii ambao wanataka kujaribu tena, na mke ameniruhusu kuwasemea. Bajeti ya mbuzi haitoshi, najua, lakini vipimo vya mwanzo itavigusa.

Mwenyekiti amejibu kwa kidole gumba. Mweka hazina ndiye aliyeandika: "Dada, kwanza maliza ahadi."