Kukoroga Si Kuchanganya Tu

Kuna ushauri unaorudiwa mpaka umekuwa kama dua: ukitaka vimiminika vichanganyike, koroga, ukitaka vitengane, viache vitulie. Nusu ya pili ndiyo inayokera. Tangi la maji na mafuta linaachwa usiku kucha, asubuhi kuna ukungu mweupe katikati, na lawama zote zinaiendea kemikali. Maskini kemikali.

Haya, tuhesabu. Tone la mafuta lenye kipenyo cha mikromita 200 ndani ya maji, tofauti ya msongamano ikiwa kilo 100 kwa mita ya ujazo, hupanda sentimita 10 kwa chini ya dakika moja. La mikromita 20 hupanda polepole mara mia: safari ileile inalichukua zaidi ya saa nzima. Kwa hiyo acha kuuliza tusubiri hadi lini. Uliza nani atayakuza matone, na jibu, wapende wasipende, ni mtiririko wa taratibu.

Matone hayaungani kwa kugusana tu. Kati yake hubaki utando mwembamba wa kimiminika cha nje, nao sharti ukamuke hadi upasuke. Mtiririko huyakutanisha matone, lakini ukiwa wa kasi huyatenganisha mapema mno: yanagongana, nyuso zinabonyea, utando unatanuka na kuchelewa kukamuka, kisha kila tone linashika njia yake. Mtiririko wa taratibu huyapa nafasi ya kubanana. Tia sabuni kidogo, utando unagoma. Kwa hiyo faneli ya kutenganishia ikishikwa na ukungu, usiitikise tena kwa hasira! Izungushe polepole, ongeza maji ya chumvi, ipe muda.

Upande wa pili ni kupasuka. Mwanafizikia Mwingereza G. I. Taylor alionyesha mwaka 1934 kwamba mnato, yaani ukinzani wa kimiminika kutiririka, hulivuta tone huku mvutano wa uso ukilikusanya. Chukua vimiminika viwili vyenye mnato sawa, mara elfu ya ule wa maji, na mvutano wa uso wa milinyutoni 10 kwa mita. Tabaka zikitelezana kwa kasi ya mtelezano (tofauti ya mwendo wa tabaka gawanya kwa umbali kati yake) ya 100 kwa sekunde, tone linalozidi takriban mikromita 100 halidumu. Shusha kasi hadi 10, kikomo kinafika milimita 1. Lakini tone lenye mnato unaozidi ule wa kimiminika cha nje kwa zaidi ya mara nne hivi halipasuki kwa mtelezano, ongeza kasi utakavyo, linajizungusha tu. Kulipasua kunahitaji mtiririko wa kunyoosha, kama ule wa kwenye mwanya mwembamba.

Na mwanya mwembamba ni nini kama si valvu iliyofunguliwa nusu? Bado inawekwa kabla ya kitenganishi, pamoja na pampu ya sentrifugali inayosaga kila kitu, halafu tunaitisha kikao kujadili kwa nini maji yanatoka na mafuta. Hamishia valvu baada ya kitenganishi. Pampu, kama lazima itangulie, iwe ya skrubu na iende polepole.

Nakubali, shingo upande, kwamba wanaoirudia dua ile ya kuviacha vitulie wana hoja pahala pamoja. Karibu na nukta ya kikomo ya mchanganyiko, yaani pale awamu mbili zinapokaribia kuwa moja, mtelezano hukandamiza migeuko ya ukolezi (vijisehemu ambamo kimiminika kimoja kimezidi au kimepungua) na kuchelewesha utengano. Wanafizikia wa Kijapani Onuki na Kawasaki walilifafanua hilo mwaka 1979. Ila kwa vimiminika vyenye molekuli ndogo badiliko la halijoto ya utengano ni dogo mno; usijengee mtambo juu yake.

Kwa miyeyusho ya polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo, mambo hugeuka kabisa. Polistireni (plastiki) iliyoyeyushwa katika dioktili ftaleti (kimiminika cha kulainishia plastiki), ikiwa angavu kabisa ilipotulia, huingia ukungu inapotiririshwa, kwa sababu minyororo iliyonyooshwa huikuza migeuko ya ukolezi badala ya kuifuta. Simamisha mtiririko, ukungu unapotea. Basi fundi anachota sampuli, anaiweka mezani, anaiona safi, anaandika "hakuna tatizo". Weka kipande cha bomba la kioo kwenye njia, utazame pampu ikiwa inazunguka, na ukiona ukungu punguza kasi kwanza kabla ya kugusa halijoto.