Chura wa Kihansi anadai maji, si mabomba tu

Kila mjadala wa umeme na mazingira ukiibuka, hakosi mtu wa kuuliza: kwa hiyo tukae gizani kwa ajili ya chura? Swali hilo linaniudhi. Kihansi, Tanzania, hakuna aliyekaa gizani. Mtambo wa umeme wa maji wa megawati 180 ulijengwa. Aliyeumia ni chura.

Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, ujenzi ukiwa umeshaanza. Dume hafiki sentimita 2. Jike hatagi, anazaa vitoto vilivyokamilika. Duniani kote aliishi hapo tu, kwenye majani yaliyoloweshwa usiku na mchana na rasharasha za maporomoko. Maji yalipochepushwa kwenda mtamboni, karibu asilimia 90 yaliondoka korongoni na majani yakakauka.

Ndipo mbio zikaanza. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 wakapelekwa Marekani kutunzwa kwenye bustani za wanyama, na korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji. Waliobaki wakaongezeka, halafu 2003 wakapukutika, na ugonjwa wa kuvu ukakutwa kwa waliokufa. Mwaka 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ikatangaza kwamba porini wametoweka. Kuwarudisha korongoni kulianza 2012.

Nawaheshimu sana waliofanya kazi hiyo, wakiwemo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ila waliitwa kuzima moto. Kuhesabu viumbe wanaoutegemea mto kulipaswa kutangulia uamuzi wa maji kiasi gani yachepushwe.

Sasa macho yangu yako juu, wilaya za Mufindi na Kilolo, maji ya mto yanakotoka. Huko vinyungu, yaani vishamba vya kiangazi kwenye ardhi yenye unyevu, vinalimwa mabondeni, wakati sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Lakini kinyungu ndicho kinachompa mkulima mahindi mabichi na mboga kiangazi. Ukimwambia aondoke bila kumwonyesha pa kulima, atarudi, na mimi sitamlaumu. Sehemu ya mapato ya umeme iende kwa jumuiya za watumia maji za huko, ziwe na uwezo wa kutunza vyanzo.

Sera ya Maji ya 2002 iliyapa mazingira nafasi ya pili, baada tu ya mahitaji ya msingi ya binadamu. Basi vipimo vya maji yanayoachwa korongoni vibandikwe kila mwezi kwenye ofisi za vijiji, kwa Kiswahili, mwananchi avisome na kuhoji.