Nilivyofukizwa Faya

Haya, klipu mmeiona, ile ninayoonekana nikijitoa kwenye gari linalofuka moshi pale Faya. Najua mmeiona kwa sababu hata shemeji yangu wa Tanga, ambaye hutuma Ijumaa Karim na kunyamaza hadi Ijumaa nyingine, ameniletea vicheko na swali moja ambalo nitalijibu tukifika huko chini. Swahiba wangu ndiye aliyeisambaza, akaipa na kichwa: "Mzee wa klasiki akishuka kwenye chombo chake." Sasa hiyo klipu inaanzia pale alipotaka yeye. Hamuoni nilivyokuwa nimekaa kistaarabu mwanzoni. Hamumsikii dalali. Tulieni niwape mkanda mzima.

Nilikuwa natafuta Volkswagen, ile ya kobe. Dar hii kila mtu ana Toyota IST, na mimi ninayo. Kuna siku nimetoka kununua vitu Mlimani City, nikahangaika na kitasa cha IST nyeupe, navuta, nabonyeza rimoti, navuta tena, kumbe mama wa watu yumo ndani ananiangalia tu na mtoto wake. Nikaapa gari langu lijalo nitalijua hata kwa kupapasa.

Halafu hilo la kwamba siwezi kuendesha gari la gia za mkono, naomba tusilikuze. Kuna watu wamenunua viwanja Kigamboni na pantoni wanaiogopa.

Shule ya kobe niliisoma usiku kitandani, kwenye video. Niulizeni chochote. Injini iko nyuma, inapozwa kwa upepo, rejeta haina. Tenki la mafuta liko mbele. Yametengenezwa zaidi ya milioni 21, na la mwisho lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003. Nikajua kwamba puti hujificha kwenye madigadi na kwamba dawa yake ni sumaku: ikigoma kunata, hapo hakuna bati, kuna ufundi wa mtu. Nikajua kutu inapenda kuanzia chini ya milango. Jamaa wa kwenye video akaendelea, "na usisahau kuinua siti ya nyuma, kwa sababu hapo chini ndiko kuna..." Bando likakata.

Nikalala zangu.

Ijumaa baada ya swala, dalali akatupeleka Upanga. Nimevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama, baraghashia kichwani, sumaku mfukoni, nimeing'oa kwenye spika mbovu. Mzee mwenye gari tulimkuta barazani na msuli, anakunywa kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani kati yenu mnunuzi?"

Nikanyoosha mkono. Akaniangalia kuanzia juu, akateremka taratibu, akafika tumboni akatulia hapo. Akasema, "Wewe utakaa mbele, sawa?" Nikasema sawa mzee. Nilidhani ni heshima.

Gari lilikuwa zuri, wadau. La mwaka 1968, rangi ya maziwa, limekaa kivulini chini ya mwembe na hata jani juu yake halipo. Mzee akalielezea mpaka nikatamani kumwachia tu pochi. Limevuka Vita vya Kagera. Limepita ile miaka ya shida ya mafuta, Jumapili mchana gari binafsi haliruhusiwi barabarani bila kibali, mzee analifuta vumbi na kulirudisha kivulini. Nikatoa sumaku kistaarabu nikaanza kuipitisha. Mlango, imenata. Boneti, imenata. Digadi la mbele kushoto, ikaanguka chini, tak!

Mzee akaweka kikombe chini. "Kijana, umekuja kununua gari au kupima homa?"

Dalali akaokoa jahazi kwa kuonyesha maji ya kioo. Hapa wasiojua kobe sogeeni: maji ya kioo hayana pampu ya umeme, yanasukumwa na upepo wa tairi la spea lililolala mbele huko. Kuna kimpira kinatoka kwenye tairi kwenda kwenye chupa ya maji. Nikainama kuhakikisha kwa macho. Mzee akabonyeza. Hilo jicho langu jekundu mnaloliona kwenye klipu ni la hapo, sikulia.

Haya, kwenda kulijaribu barabarani. Swahiba anashika usukani kwa sababu gia anaziweza. Dalali na tumbo lake akawahi siti ya mbele, akajifunga na mkanda. Mzee alikuwa ameshaingia ndani kutafuta kadi ya gari. Nikabakia mimi na siti ya nyuma, na kusema kweli sikuumia, maana nilishaiona picha: bosi, kanzu nyeupe, kobe la rangi ya maziwa. Nikakaa upande wa kulia, nyuma ya dereva, ambako jua lilikuwa linapiga vizuri.

Tukashika Barabara ya Umoja wa Mataifa kuelekea makutano ya Faya. Kila tukipita tuta nasikia chini yangu, tik. Tuta, tik. Nikasema gari la zamani lina lugha yake. Baadaye kidogo nikaanza kuhisi ujotojoto. Nikawaeleza wenzangu kwa kujiamini kabisa kwamba injini ya kobe iko nyuma, inapozwa kwa upepo, hivyo mtu wa nyuma lazima apate joto fulani. Swahiba akasema, "Wewe umesoma." Ikaja harufu. Nzito, ya kitu kinachoungua polepole. Nikauliza, "Mzee anafukiza udi kwenye gari?" Dalali akasema wazee wa Upanga wasafi sana.

Taa za Faya zikatukamata. Foleni ya Ijumaa mnaijua. Kulia kwetu basi la mwendokasi limejaa hadi mlangoni, kushoto machinga na maji, na sisi katikati. Dalali simu ikaita, mteja mwingine wa gari hilihili, akapokea mbele yangu bila haya.

"Halina tatizo hata moja bosi wangu," anasema. "Injini kavu."

Moshi wa kwanza ukatoka katikati ya magoti yangu. Mwembamba, mweupe, unapanda bila haraka, ukapita usoni kwangu ukaenda kutulia kwenye dari.

Mtu mwenye akili zake angepiga kelele. Mimi nilisema, "Samahani."

Sijui nilikuwa namwomba radhi nani. Nikajinyanyua kidogo, moshi ukapungua. Nikakaa, tik-tik-tik, moshi ukarudi na ndugu zake, na sasa makalio yanapokea taarifa ambazo akili bado inazikataa. Nikajinyanyua tena, ukapungua. Wadau, niligundua mbele za watu, katikati ya Morogoro Road, kwamba swichi ya huo moto ni mimi.

"Umeme wake usiseme," dalali anaendelea na simu. "Nyaya zote mpya."

"Moshi!" nikapata sauti.

Swahiba akageuka, akaona, akazima injini, akafungua mlango akatoka. Sasa kobe lina milango miwili. Wa nyuma anatoka iwapo wa mbele atataka. Vioo vya nyuma vya gari hili havifunguki. Nilichotarajia ni rafiki yangu wa miaka yote ainamishe siti yake nipite. Alichofanya ni kurudi hatua mbili na kutoa simu. Ndipo klipu yenu inapoanzia.

Nami hapo nimechuchumaa, sijakaa wala sijasimama, kichwa kiko darini kwenye moshi, mapaja yanatetemeka, nafikiria mambo ya hovyo. Nilikumbuka tenki la mafuta liko mbele, nikashukuru Mungu, halafu nikakumbuka kwamba aliyeko mbele sasa ni dalali peke yake, nikashukuru tena.

Machinga akaingiza kichwa dirishani kwa dalali. "Maji baridi hayo bro. Kwani mnavuta nini humo?"

"Lete maji!"

"Madogo jero, makubwa buku."

"Makubwa! Makubwa!"

Akanipa chupa, akabaki na kiganja wazi. Mfuko wa kanzu una sumaku tu, pochi iko kwenye IST Upanga. Nikamwambia nitamlipa nikishuka. Akasema bila wasiwasi, "Kuna lipa namba," akaanza kuisoma. Nawaapia, alikuwa anaisoma tarakimu moja moja na mimi naungua.

Nikamwaga maji chini ya siti. Mvuke ukaniongezea giza. Nikahamia upande wa kushoto, na kule shwari kabisa, hakuna joto wala tik. Laiti ningebaki pale hadithi ingeishia hapo. Lakini baraghashia ilikuwa imedondoka upande wa kulia. Ni ya mkono, niliachiwa na babu. Nikaegemea kuifuata, kilo zangu zote zikahamia mkono mmoja juu ya siti, TIK, na safari hii cheche nimeziona kwa macho haya.

Dalali hatimaye akakata simu. Hakukata kwa sababu ya moto, ni mteja wake aliyeishiwa salio. Akageuka, akasema "He!", akahangaika na mkanda, akatoka. Siti yake ikainama nusu ikagoma. Nikapenya hivyohivyo, kichwa kwanza, mikono kwenye lami, mguu mmoja bado ndani. Kanzu ikanasa kwenye reli ya siti. Nikavuta. Haikutoka. Trafiki anakuja anapiga filimbi, nikavuta kwa nguvu zote nilizopewa na mama yangu.

Kraaaaa.

Kuanzia kiunoni hadi chini. Na hapa sasa, shemeji wa Tanga, nakujibu. Ndani nilikuwa nimevaa bukta ya kijani na njano.

Wote mnajua mimi Msimbazi, Simba damu. Kadi ninayo, jezi nyekundu ninazo, matusi ya kuwatupia watu wa Jangwani, Yanga na kijani na njano yao, ninayo ya akiba. Bukta hiyo ni ya mtumba wa Karume, kitambaa chepesi, kinafaa chini ya kanzu kwa joto hili. Haina nembo. Sikununua klabu, nilinunua kitambaa! Lakini nieleze nani? Machinga aliwahi kuliko wote.

"Ebwana, kumbe Mwananchi mwenzetu!"

Mlangoni mwa mwendokasi kijana mmoja akapaza sauti, "Daima mbele!" Na basi zima, na abiria wake wote waliokuwa wameshikilia mabomba, likaitikia:

"Nyuma mwiko!"

Wakati huo nimeinama, nimewageuzia nyuma hiyohiyo.

Mengine nayapitisha haraka. Zimamoto hawakuitwa, nilipotoka tu kwenye siti moshi ulikata wenyewe. Tukaitoa siti. Betri ya kobe inakaa hapo chini, upande wa kulia, na juu yake springi za siti. Ukikaa mzito springi inashuka, inagusa vichwa vya betri, inapiga shoti hata gari likiwa limezimwa. Na siti ya Mjerumani imejazwa nini? Makumbi! Nyuzi za nazi zilizogandishwa na mpira. Nyumbani kwa bibi makumbi ndiyo tulikuwa tunawashia moto, na mimi nimetoka msikitini nikayakalia.

Tukasukuma hadi Upanga, dalali akisukuma kwa kidole. Mzee alipoona siti hakuuliza kama nimeumia. Alimuuliza dalali, "Kile kipande cha mpira nilichofunikia betri kiko wapi?" Dalali akasema aliposafisha gari jana aliona uchafu, akatupa. Mzee akanigeukia, akaniangalia tena kuanzia juu hadi tumboni. "Na wewe nilikwambia ukae wapi?" Mke wake akanipa kanga nijisitiri, nikaendesha IST hadi nyumbani nimejifunga kanga. Kanga yenyewe ilikuwa imeandikwa "Mtaisoma namba", na nilipoyasoma hayo maneno, ile lipa namba ya machinga ikanirudia yote. Buku lake nimemtumia, punguzeni ujumbe.

Kobe limeuzwa. Yule mteja wa kwenye simu alifika jioni ileile na pesa taslimu, akaambiwa halina tatizo hata moja, akalichukua. Naambiwa ni mwembamba.

Dalali kanipigia leo asubuhi, sauti tamu kabisa, amepata Peugeot 504 Ilala, milango minne. "Betri iko mbele bosi, nimefungua boneti nikaiona mwenyewe." Jumamosi nakwenda kuiona. Swahiba ameomba aje kunisaidia gia. Nimemkubalia, ila simu yake ataiacha kwa mama yake.