Kinu cha nyambizi na chumba cha amonia

Mhandisi mitambo aliyemaliza chuo nchini Marekani anaweza kujikuta na barua mbili za kazi ambazo, kwa mtu wa nje, hazina undugu wowote. Moja imetoka jeshi la majini: njoo ujifunze kuendesha kinu cha nyuklia ndani ya nyambizi. Nyingine imetoka kampuni ya mitambo mikubwa ya baridi, ile ya maghala ya nyama, viwanda vya maziwa na viwanja vya barafu. Ya kwanza mama mtu ataisimulia kwa majirani. Ya pili ataulizwa, "Kwa hiyo utakuwa fundi friji?"

Undugu upo, tena wa damu. Kazi zote mbili ni za kulitoa joto lilipo na kulipeleka linakotakiwa, kwa kimiminika kinachozunguka ndani ya mabomba yenye presha. Kwenye nyambizi, maji yanayopita ndani ya kinu hubanwa ili yasichemke. Yanakabidhi joto lake kwa maji mengine, hayo yanageuka mvuke, mvuke unasukuma turbini na turbini inazungusha pangaboi. Kwenye mtambo wa baridi, amonia, ambayo katika presha ya kawaida ya hewa huchemka kwenye nyuzijoto 33 chini ya sifuri, hunyonya joto la ghala, kompresa ikaibana, kisha ikalitema joto hilo nje. Wahandisi hawa wawili wanafungua majedwali ya aina ileile, ya presha na joto. Kinachobadilika ni ukurasa.

Tuanze na upande wenye jina. Nautilus, nyambizi ya kwanza ya nyuklia, iling'oa nanga kwa nguvu ya kinu chake tarehe 17 Januari 1955, na Agosti 1958 ikapita chini ya barafu ya Ncha ya Kaskazini. Aliyeusukuma mpango huo ni Hyman Rickover, mhandisi wa umeme mzaliwa wa Poland, ambaye hakuachia usukani hadi 1982. Maofisa watarajiwa aliwasaili mwenyewe, na inasimuliwa kwamba kiti cha msailiwa kilipunguzwa miguu ya mbele ili awe anateleza muda wote anapojibu. Ukatili wa kitoto, ukiniuliza mimi. Lakini urithi wake wa maana si kiti hicho, ni namna ya kufundisha.

Mafunzo yenyewe ni kama miezi sita darasani huko Goose Creek, Carolina Kusini, kisha miezi mingine kama hiyo kwenye kinu halisi cha mazoezi. Mwanafunzi hupewa kadi ya sahihi. Ili mfumo mmoja utiwe sahihi, lazima aufuate kwa miguu na mikono yake: bomba hili linaanzia wapi, linapita nyuma ya nini, vali hii ikikwama geji ipi itasema kwanza. Halafu anauchora kwa kichwa mbele ya mkaguzi, bila kitabu, na mkaguzi anamuuliza swali moja zaidi ya yale aliyojiandaa nayo. Akikwama, anarudishwa kwenye mabomba. Vyuo vikuu vichache vinathubutu kumfanyia mtu hivyo. Matokeo yake ni kijana wa miaka 25 au 26 anayekabidhiwa zamu nzima ya chumba cha kinu, na akitoka jeshini, mitambo ya umeme na vituo vya data vinamgombania. Tena aliyejiunga mapema kupitia mpango wa wanafunzi hulipwa mshahara angali chuoni, kwa ahadi ya kutumikia kama miaka mitano.

Sasa gharama yake. Kwanza ni pasipoti. Nyambizi za nyuklia zinaendeshwa na nchi sita tu, yaani Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa, China na India. Australia inasogea kwa AUKUS, mkataba wake na Marekani na Uingereza uliotangazwa 2021, na Brazil inajenga yake. Bila uraia na uchunguzi wa kiusalama hukaribii kinu. Kwa wahandisi walio wengi duniani, mjadala huu unaishia hapa.

Anayeruhusiwa kuingia naye anakutana na jambo ambalo matangazo ya ajira hayalisemi kwa sauti: ofisa wa nyambizi ni mwendeshaji, si msanifu. Usanifu hufanyika nchi kavu, kwenye maabara za Bettis karibu na Pittsburgh na Knolls huko Niskayuna, New York, na huko nako mambo huenda kwa hatua za kobe. Kiini cha kinu cha nyambizi za aina ya Virginia kimeundwa kidumu muda wote wa chombo, miaka kama 33, bila kujazwa mafuta mapya. Aliyekichora akiwa na miaka 35 atakuwa amestaafu kabla hakijamaliza kazi. Na uhafidhina huu ni wa makusudi. Nyambizi Seawolf, iliyoanza kazi 1957, ilipozwa kwa sodiamu iliyoyeyuka. Ilisumbua, Rickover akaagiza kinu hicho king'olewe na kiwekwe cha maji, na tangu hapo jeshi hilo halijatoka kwenye maji. Uamuzi wa busara kabisa, ila si habari njema kwa mtu ambaye damu inamchemka kubuni.

Ajabu ni kwamba ubunifu siku hizi umehamia kwenye baridi. Biashara hii ilionekana imesinzia: amonia iko kwenye kompresa tangu mhandisi Mjerumani Carl von Linde alipoiingiza miaka ya 1870. Halafu Mkataba wa Montreal wa 1987 ukazipiga marufuku gesi za mitambo ya baridi zilizotoboa tabaka la ozoni, zikaja nyingine badala yake, na Oktoba 2016 nchi zikakubaliana mjini Kigali kuzipunguza hizo nazo kwa sababu zinapasha dunia joto. Kila mwenye ghala sasa analazimika kuuliza ataweka nini. Amonia haigusi ozoni wala haipashi dunia joto. Kasoro zake ni sumu yake, na kwamba ikikolea vya kutosha hewani hushika moto. Hewa ya ukaa nayo imerudi, lakini juu ya nyuzijoto 31 haikubali kugeuka kimiminika hata uibane vipi, kwa hiyo siku ya joto mtambo unaendeshwa kwa presha inayoweza kufika mara 90 au 100 ya ile ya hewa ya kawaida. Hapo kuna kazi ya kuumiza kichwa, na anayepewa mara nyingi ni kijana, kwa kuwa wazee wa fani ni wachache na wanastaafu. Anachora, anahesabu, na ndani ya mwaka au miwili anasimama mbele ya mtambo wake akiusikiliza unavyonguruma. Jeshi la majini haliwezi kumpa hicho.

Kasoro kubwa ya upande huu haimo kwenye hesabu, imo kwenye nidhamu. Chukua kazi moja ndogo, kutoa oili. Oili ya kompresa haichanganyiki na amonia, na kwa kuwa ni nzito zaidi huzama chini ya vyombo, hivyo fundi lazima aikinge kwa chombo mara kwa mara. Vali ya mwisho huwekwa springi: ukiiachia mkono, inajifunga yenyewe. Fundi anasimama upepo ukimpiga mgongoni, barakoa usoni, ndoo chini, mkono kwenye mpini wa vali. Oili iliyopoa inatoka kwa kujivuta. Dakika tano, dakika kumi, kiganja kinauma. Ndipo mtu anapookota kipande cha waya, akaifunga vali ibaki wazi, akaenda kushughulika na kingine. Oili ikiisha, kinachoifuata ni amonia, na hewa yenye sehemu 300 tu za amonia katika milioni inahesabiwa kuwa tishio kwa uhai.

Huko Fernie, Kanada, tarehe 17 Oktoba 2017, watu watatu waliuawa na amonia kwenye uwanja wa barafu. Kipozeo cha maji ya chumvi kilikuwa kimechakaa, bomba moja ndani yake limetoboka, na dalili za kuvuja zilikuwa zimeonekana miezi kabla. Kilizimwa, kisha siku moja kabla ya maafa kikawashwa tena. Sheria nazo zina mstari wake. Nchini Marekani, mtambo wenye pauni 10,000 za amonia, yaani kama kilo 4,500, hubanwa na kanuni kali za usalama. Ulio chini ya hapo una masharti mepesi, na wapo wasanifu wanaohesabu hadi kilo ya mwisho ili wabaki chini ya mstari. Kupunguza amonia ni jambo jema. Kuyapunguza maswali ya mkaguzi ni jambo jingine.

Je, jeshi la majini ni malaika? Tarehe 10 Aprili 1963 nyambizi Thresher ilizama mashariki ya Cape Cod na watu 129, wakiwemo raia 17. Wachunguzi waliona kuwa yaelekea kiungo cha bomba la maji ya bahari kiliachia, maji yakarukia mitambo ya umeme, kinu kikajizima. Hewa yenye presha ilipofunguliwa iingie kwenye matangi ili chombo kipande juu, ilipanuka ghafla, ikapoa, na unyevu uliokuwamo ukaganda barafu kwenye vichujio. Njia ikaziba. Majaribio kwenye nyambizi pacha yake, Tinosa, yalionyesha barafu hiyo ikijijenga. Gesi iliyobanwa ikipanuka hupoa, na mtu wa baridi hulijua hilo kabla hajajua kushika spana. Nyambizi ya nyuklia ya hali ya juu ya wakati wake ilikwamishwa, kwa sehemu, na kanuni ya friji.

Tofauti ni kilichofuata. Mwaka huohuo wa 1963 ulianzishwa mpango wa SUBSAFE, unaotaka kila kiungo kinachozuia bahari isiingie kiwe na karatasi inayoonyesha nani alikiunga, kwa madini gani, na nani alikikagua. Tangu hapo hakuna nyambizi ya Marekani yenye cheti hicho iliyopotea. Jeshini, taasisi hukubebea nidhamu. Kwenye chumba cha amonia unakuja nayo mwenyewe, na unaweza ukaikuta haitakiwi.

Kwa hiyo mwenye umri wa miaka 22 na pasipoti inayoruhusu ningemwambia achukue ile miaka mitano ya nyuklia, kwa ajili ya zile sahihi kwenye kadi, kisha aondoke. Kukaa zaidi kwa kupenda teknolojia ni kuhesabu vibaya. Aliyeipenda meli na maisha yake, huyo ana hoja nyingine. Asiye na pasipoti hiyo hajapoteza kitu cha kulilia, mradi achague mwajiri kwa macho makavu. Akiitwa kwenye usaili, kabla ya habari za mshahara, aombe kuonyeshwa chumba cha mashine. Aulize nani ana mamlaka ya kuzima kompresa saa nane za usiku bila kumpigia meneja simu. Halafu ainame aitazame vali ya oili. Kama shingo ya ule mpini ina mikwaruzo ya waya, ameshajibiwa.